Moyo Uliosikia Yowe

Katika Kansay yote hakuna mwanamke mwenye moyo imara kama wangu. Nimezaa saba, nimezika mama wakwe wawili, na kwa miaka hamsini nimepanda kilima cha kisimani na ndoo kichwani bila kupumzika njiani. Moyo huo huo, mwaka 2001, daktari aliusikiliza, akamwita nesi naye aje ausikilize, halafu akasema unapiga mapigo matatu badala ya mawili, kama farasi anayekimbia. Mimi farasi sijamwona. Punda ninamjua, na punda akikimbia ujue ameangusha mzigo. Basi tuseme ulikuwa imara mpaka mwezi wa tatu.

Mambo yalianzia mguuni. Nilikuwa napalilia maharage, jembe likateleza likanichana muundi. Jeraha lenyewe halikuzidi urefu wa kidole. Nikalipaka majivu na mafuta ya kondoo, nikalifunga kwa pindo la kanga, nikaendelea na mstari wangu. Siku ya nne mguu ulikuwa mwekundu na unang'aa kama nyanya ya kupeleka sokoni. Siku ya sita nikaanza kutetemeka jua la saa saba mchana. Meno yaligongana mpaka mume wangu Tluway akaniomba nipunguze kelele, anasikiliza taarifa ya habari.

Tluway si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana huko mbele naweza kusahau. Taarifa ilipokwisha alinigusa paji la uso, akatoka mbio bila viatu kwenda kuomba pikapu ya mwalimu mkuu. Alinilaza nyuma juu ya magunia, na njia yote mpaka Karatu mjini alinishikilia kichwa kisigonge bodi.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, Elirehema, mtu wa Machame, mrefu, mpole, anayemwamkia kila mkubwa hata kama hana fahamu. Aliniambia shikamoo bibi siku ya Jumanne. Niliitikia marahaba Alhamisi.

Hapo katikati nasikia vidole vyangu vilikuwa baridi kama vya maiti, presha iko chini, na kulala chali siwezi. Nikilazwa chali nilihema kama mbwa wa msasi. Waliniwekea mito mitatu, dripu, hewa ya mtungi, na sindano kila saa sita. Picha ya eksirei ilionyesha moyo umetanuka. Nilipopata akili zangu nilimwuliza daktari: wadudu wako mguuni, moyo umewakosea nini? Wamepandaje mpaka huko?

"Hawajaukalia moyo, bibi," alisema. "Wengine wameingia kwenye damu, ni kweli, lakini aliyeuangusha moyo ni mwili wako mwenyewe. Chembe za ulinzi zikiona bakteria zinamwaga kemikali za kuitana, kama watu wanavyopiga yowe. Yowe likizidi, zile kemikali zinaufikia msuli wa moyo na kuulegeza. Moyo unakuwa hai, ila hausukumi."

Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Mwaka uliotangulia nguruwe pori watatu waliingia shambani kwangu jioni. Tluway akapiga yowe. Kwetu yowe halichaguliwi. Usipolitokea la mwenzio leo, lako kesho utalipigia vichaka. Wakaja wanaume arobaini na mmoja, na fimbo, na mapanga, na mbwa wasio na idadi. Nguruwe walikuwa wamekula mistari mitatu ya mahindi. Wanaume walikanyaga ekari nzima. Halafu wakakaa uani wakanywa pombe yangu yote, maana kuniokoa kulikuwa kumewachosha. Nguruwe walikwenda zao, wote watatu wazima.

Nikamwambia daktari kwamba, kumbe, moyo wangu ni mahindi. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo, akaandika kitu kwenye faili. Sijui kama aliandika hilo.

Alisema kuna jema moja. Msuli uliolegezwa hivyo huwa haujafa. Yowe likinyamaza, moyo unarudi wenyewe, siku saba, siku kumi. Na kweli ulirudi. Siku ya tisa punda alikuwa ameondoka, mapigo yamebaki mawili kama ya watu wengine, na mto nikabakiziwa mmoja. Daktari akaniruhusu na mfuko wa vidonge vya rangi mbili, arobaini, kimoja kila saa sita mpaka viishe. Aliniambia nisiache hata nikijisikia mzima. Waliobaki mguuni wanasubiri, alisema, na moyo uliokwisha kulegea mara moja haupendi kusikia yowe tena. Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Sasa lazima niseme habari za Akiba.

Akiba ni ng'ombe, wala si ng'ombe wa nyumbani. Ng'ombe akiingia zizini kwa Tluway hakai sana kabla mpwa fulani hajapata mchumba. Tumewaolea wapwa sita, mmoja wao mara mbili. Kwa hiyo nilivuna vitunguu saumu misimu miwili nikiwa kimya, nikapata mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, nikamkabidhi kwa Seenoi, mke wa Metui, huko juu Nainokanoka kwenye baridi kali. Kumweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali si jambo geni kwetu. Wanaume wote hufanya hivyo, ili ugonjwa au shemeji asiwakute wote mahali pamoja. Mimi nilifanya kama wanaume, ila mwanaume wangu sikumwambia. Na boma la Metui lilijulikana Kansay nzima kwa sifa moja, kwamba siri ya mtu haipelekwi kwa mtu mwingine.

Seenoi mwenyewe alikuwa mteja wangu wa mahindi, mama mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Akiba alipozaa, ndama wa kwanza nilimpa yeye, na tangu siku hiyo hakuniita tena Mama Angela. Kwa Wamaasai, mkipeana ng'ombe jina lenu linakuwa moja: unamwita Pakiteng', naye anakuita Pakiteng', mpaka mmoja wenu afe. Ni jina zuri. Linamzuia mtu kusahau.

Siku ya pili tangu nitoke hospitali ilikuwa siku ya mnada. Tluway alikuwa amekwenda Endabash. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kujenga kigango kimoja cha huko, anakwenda kila mwezi, mwaka wa tatu huo, na kigango kilikuwa bado hakijavuka msingi. Kila safari alibeba blanketi zito. Upande ule wa Endabash ni chini, joto, hata mjusi anatafuta kivuli. Nililiona lile blanketi na sikuuliza. Mwenye ng'ombe wa siri haulizi habari za blanketi.

Nikaomba nafasi kwenye gari la mkaa, nikaenda mnadani na fimbo yangu. Seenoi alikuwa na huzuni. Akasema kiwele cha Akiba kimevimba upande mmoja, kigumu kama jiwe, na maziwa yanatoka na usaha na damu. Bwana mifugo hajapanda kule mwezi mzima. Akiba amelala chini, hataki kula, na ndama analia.

Mfuko wa vidonge ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu, kwa sababu nilikuwa mgonjwa mtiifu na nilitembea nao. Nilikuwa nimemeza sita. Nikatazama mguu, umekauka. Nikasikiliza moyo, mapigo mawili. Nikawaza hivi: hii ni dawa ya usaha. Mimi usaha sina. Akiba anao. Mtu wa darasa la nne akishapanga hesabu vizuri hivyo, ni vigumu kumbishia. Nikampa Seenoi vyote thelathini na vinne. Aliniuliza kama si dawa yangu mwenyewe. Nikamwambia ni ya ziada.

Wiki mbili baadaye mguu ulikuwa umerudia unyanya wake, na jua la saa saba likanikuta natetemeka tena. Safari hii Tluway alizima redio mwenyewe.

Nilirudishwa kitanda kile kile. Vidole baridi, mito mitatu, na punda amerudi kifuani. Daktari Elirehema alisikiliza moyo kwa muda mrefu sana, upande huu na upande ule, akabonyeza muundi wangu, akatazama faili. Halafu akauliza, kwa upole wake ule ule, kama vidonge vyote arobaini nilivimeza.

Tluway alikuwa amekaa kwenye benchi, blanketi lake zito begani, goti lake limegusa kitanda.

"Vyote," nikasema. "Kwa uji."

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, na daktari akiketi kitandani kwako si kwamba amechoka. Alisema kama nimemaliza dozi na bado nimerudi hivi, basi dawa ile imeshindwa. Ama wadudu ni sugu, ama wamejificha ndani ya mfupa, na hapo kila siku watapeleka wenzao kwenye damu, na mwili utapiga yowe kila siku.

"Moyo wako umelisikia yowe mara mbili," alisema. "La tatu sidhani utalivumilia. Siwezi kukaa hapa nabahatisha dawa, bibi. Kesho asubuhi gari linakwenda Moshi. Kule wakiona ni mfupa, watakata mguu chini ya goti, ili moyo upone."

Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ingekuwaje kama mgonjwa, mgonjwa mwingine tu, hakumaliza vidonge.

Akasema kwa huyo ingekuwa rahisi. Angejua ni wadudu wale wale ambao hawakuuawa wakaisha. Angerudia sindano zile zile zilizomponya mara ya kwanza, wiki mbili mfululizo, na mguu ungebaki mahali pake. "Lakini wewe umemeza," alisema.

"Nimemeza," nikasema.

Kwa siku hiyo akanichoma sindano nyingine kali, aliyosema ni ya kushikilia tu, akaenda kuandika barua ya Moshi.

Nilibaki naupima mguu wangu. Ulikuwa mguu wa miaka sitini na miwili, umekwisha kutumika sana. Nikaulinganisha na Akiba, ambaye anayo minne na bado ni kijana. Halafu nikafikiri nani atakwenda mnadani kwa mguu mmoja kuuliza habari zake. Halafu nikafikiri juu ya moyo, kwamba gari la Moshi lina mashimo mengi mbele yake, na moyo wangu sasa ulikuwa unalalamika hata nikigeuka upande. Nikaamua kumwambia daktari ukweli. Kilichobaki ni kumtoa Tluway chumbani kwa dakika tano.

Nikamwambia nina hamu ya maandazi. Akamtuma nesi Anneth. Nikamwambia akatazame kama pikapu ya mwalimu imefungwa vizuri. Akasema pikapu imerudi Kansay tangu asubuhi. Nikamwambia akapumzike nje kwenye jua. Akasema hataki jua. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu, na akaanza kuniambia kwamba wakiukata mguu atanichongea gongo la mti mgumu, zuri kuliko la mtu yeyote, na kisimani atakwenda yeye.

"Na gharama usifikirie," akasema. "Mungu shahidi, tuna ng'ombe wawili tu duniani. Nitauza wote wawili."

Macho yake yalikuwa na maji. Hapo niliona haya kweli, kwa sababu mimi nilijua wako watatu.

Saa kumi mlango ukafunguliwa kwa watu wa kuona wagonjwa. Daktari alikuwa amerudi na barua yake, amesimama upande wa miguuni akimalizia kuandika umri wangu, ambao nilikuwa nimempunguzia kidogo. Mlangoni ikatokea shuka nyekundu, na shanga, na kibuyu mkononi. Nikamjua Seenoi kabla hajanijua. Nilitaka kumwambia Tluway jambo lolote la kumgeuza uso, lakini nilipotazama benchi halikuwa na mtu. Kifuniko cha chupa ya chai kilikuwa kimemwangukia kikabingirika chini ya kitanda, naye alikuwa ameingia kukitafuta. Nilishukuru Mungu. Alikitafuta kwa bidii sana.

"Pakiteng'," Seenoi akasema, "nimeambiwa mnadani. Nikasema siwezi kurudi juu bila kukuona."

Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena, kwa macho yote mawili. Seenoi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, akamgeukia daktari akamwambia mama huyu ana tatizo la macho pia.

Kisha akaketi kwenye benchi la Tluway, akafungua kibuyu, akaanza kunipa habari. Akiba amesimama. Kiwele kimelainika. Anakula, ndama ananyonya, na haya ndiyo maziwa yake, anywe mgonjwa apate nguvu. Nilisema asante, nikidhani yamekwisha.

"Ni vile vidonge vyako vya rangi mbili," akasema. "Vyote thelathini na vinne nilimnywesha."

Kalamu ya daktari ilisimama.

Akamwomba Seenoi amweleze vidonge hivyo vilikuwaje. Seenoi akaeleza rangi, maandishi yaliyokuwa juu yake, na mfuko uliokuwa na jina langu, ambao alikuwa ameutunza kwa sababu ni mfuko mzuri. Daktari akamwuliza kama kuna kingine alichofanya. Akasema hakuna, ila kumkamua usaha mara sita kwa siku na kumkanda kiwele kwa maji ya moto, kama mama yake alivyomfundisha.

"Basi ni mikono yako iliyomponya," daktari akasema. "Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Vile vidonge vilipotelea chumba cha kwanza."

Nikasema kwa hiyo havikumsaidia mtu.

"Wala ng'ombe," akasema daktari.

Akaikunja barua ya Moshi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake. Akamwita Anneth, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na maandazi, akamwambia alete sindano ile ya mwanzo, sasa hivi, na kwamba huyu bibi haondoki hapa wiki mbili, na kila dawa atakayopewa kwa mdomo afungue mdomo baadaye aonyeshe. Aligusa mguu wangu kwa mkono wazi, kama unavyomgusa mnyama uliyetaka kumuuza ukabadili nia. Nilipumua. Yule punda hakuwa ameondoka, lakini alipunguza mbio kidogo.

Daktari hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu. Aliuliza tu kwa nini nilikubali kukatwa mguu kuliko kusema neno moja.

Nikanyoosha kidole chini ya kitanda. "Kwa sababu ya huyo," nikasema. "Hajui kama nina ng'ombe Nainokanoka."

Daktari akainama kidogo. "Mzee, umesikia?"

Kisha Tluway akaanza kusema, bila kutoka, kwa sauti ile anayotumia kusoma matangazo kanisani. Akasema amesikia na ameumia. Akasema miaka arobaini ya ndoa yeye hajamficha mke wake hata kifaranga.

"Na huko Nainokanoka," akasema, "mimi sijawahi kukanyaga. Simjui mtu hata mmoja. Mimi safari zangu ni za Endabash."

Seenoi alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia kengele ya ng'ombe wake katikati ya kundi la wengine. Akaliweka chini kibuyu. Akapiga magoti, shanga zikalia, akainua pindo la shuka la hospitali.

"Pakiteng'?" akasema.

Nilichungulia ukingoni. Nililiona blanketi zito, na juu yake kipara cha mume wangu.

"Pakiteng'," Seenoi akasema tena, polepole, akinitazama mimi na kumtazama yeye, "si ulituambia mke wako alifariki?"

Kifuniko cha chupa kiligonga sakafu.

"Alipata nafuu," Tluway akasema.